Filamu ya shujaa wa Mwanza: ucheshi na uzito vikae vipi pamoja?

IgombePikcha

Mwadila wakuu. Naomba mawazo ya wanaoijua kazi ya skripti, kamera na uhariri.

Tuna filamu fupi ya dakika 22, ya shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida, na inatokea hapa hapa Mwanza. Steringi ni Nyamizi, anaanika dagaa Igombe na kuwauza soko la Mwaloni Kirumba. Ana uwezo wa kunyanyua majabali, ila kila akinyanyua jiwe masikio yanaziba kwa muda, hasikii kitu. Mdogo wake, Shija, anavua dagaa usiku. Rafiki yake, Bahati, ni konda wa daladala na ndiye wa kuchekesha. Adui wanamwita Injinia: anavamia mitumbwi usiku, anang'oa injini na kuwaacha wavuvi wakielea katikati ya ziwa.

Ilivyo sasa, dakika 9 za mwanzo ni vichekesho, hasa Bahati akimpayukia Nyamizi aliyeziba masikio. Dakika ya 13 Shija anauawa na Injinia ziwani. Dakika ya 14 Bahati anatoa utani msibani. Dakika ya 18 hadi ya 21 Nyamizi anazuia kivuko kisizame kwa kukiegemeza kwenye jabali, huku yeye na Injinia wakirushiana kejeli.

Shida: watu tuliowaonyesha walicheka mpaka kwenye kifo cha Shija. Injinia haogopeshi. Sini za usiku hazionekani kwenye simu. Na baadhi ya wenzangu wanataka tuondoe vichekesho vyote tubaki na giza tupu.

Vifaa ni kamera moja, taa mbili za LED za betri, maiki ya fimbo na kinasa sauti. Nafasi ya kurudia baadhi ya sini ipo. Je, kwenye dakika 22 ucheshi uwe kiasi gani, na uishie wapi?

---

Montaji_Nyegezi

Mkuu, swali la kiasi litakupoteza. Ucheshi si chumvi ya kupima kwa kijiko. Kuna filamu za mashujaa zina utani mwanzo mwisho na bado watu wanatoka na machozi, na kuna zenye utani mara tatu tu, na hizo mara tatu zimebomoa kila kitu. Angalia utani unatoka wapi, na unaifanyia nini hatari.

Chukua skripti na kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza: utani unaotoka kwenye tabia au udhaifu wa mtu. Nyamizi hasikii, Bahati anapayuka. Huu unaweza kukaa jirani kabisa na maumivu. Rangi ya pili: utani wa mtu aliyeogopa na anajikaza. Huu unaongeza hofu, maana mtazamaji anaona kwamba hata anayetania anajua mambo yameharibika. Rangi ya tatu: utani unaomwambia mtazamaji kwamba hatari si ya kweli. Adui anabezwa usoni na hafanyi kitu, kifo kinataniwa na mtu aliyekiona, steringi anaucheka mkasa anaopigania. Rangi ya tatu ifute yote kuanzia dakika ya 10. Usibakize hata mmoja kwa sababu eti ni mtamu.

Ukitaka kuona rangi ya kwanza inavyofanya kazi, tazama Spider-Man 2 ya Sam Raimi, ya mwaka 2004. Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, ameishiwa nguvu, utando hautoki, inabidi ashuke ghorofani kwa lifti akiwa na vazi lake kamili, amesimama na mtu asiyemjua wakizungumzia vazi linavyowasha. Unacheka, lakini unachokicheka ndicho kinachomuumiza. Filamu hiyo hiyo ina sini ya hospitali ambapo mikono ya chuma ya adui, Octavius, inaua madaktari wa upasuaji, na ile inatisha kwelikweli. Vyote viwili vinakaa nyumba moja kwa sababu hatari inapoingia hakuna anayeichekea. Sasa linganisha na Thor: Love and Thunder ya 2022. Inaanza na baba anayefiwa na binti yake jangwani, ina mwanamke mwenye saratani hatua ya nne, na ina mbuzi wanaopiga mayowe kila wakitokea. Mayowe yale hayahusiani na saratani wala na yule baba. Kwa hiyo kila mbuzi wakirudi, uzito inabidi ujengwe upya kutoka sifuri, na kwa maoni yangu haufiki tena pale ulipokuwa.

Wewe chanzo kimoja cha kicheko na msiba tayari unacho mkononi: masikio. Umekitumia kwa kicheko tu. Shija asife kwa kukutana tu na Injinia ziwani, afe kwa sababu dada yake amenyanyua jiwe na hasikii akiitwa. Ili hilo likubalike, kanuni ya masikio lazima ifundishwe mapema, na ifundishwe kwa kicheko:

Dakika ya 4, Nyamizi ananyanyua jiwe linaloziba njia ya daladala. Bahati anamweleza abiria kwamba masikio yatazibuka baada ya dakika mbili kamili, halafu anahesabu kwa sauti huku akitoza nauli. Mtazamaji anacheka na anashika namba: dakika mbili.

Dakika ya 8, kanuni ile ile, ila kicheko kinakatwa katikati. Hasikii pikipiki nyuma yake, inamkosa kidogo. Bahati alikuwa anaanza kutania, anaishia njiani. Sini hii isizidi sekunde 40. Ukiiruka, kifo cha dakika ya 13 kitaonekana kama umewavamia watu. Ukiirefusha, watajua kinachokuja.

Dakika ya 13, Nyamizi amenyanyua jabali kuzuia mtumbwi mmoja wa Injinia. Shija yuko mtumbwi wa pili, anaita. Watazamaji sasa wanahesabu wenyewe dakika mbili. Hapo huhitaji muziki wa kuwaambia waogope.

Halafu Shija. Naona umempa vichekesho Bahati peke yake. Kosa la mpangilio liko hapo. Anayekufa ndiye anapaswa kuwa mcheshi kuliko wote katika nusu ya kwanza. Akiondoka, kicheko cha filamu kinaondoka naye, na mtazamaji anausikia ule upungufu bila kuambiwa. Iron Man ya 2008 inafanya hivyo kwa haraka sana mwanzoni: steringi, Tony, anataniana na askari vijana ndani ya gari huko Afghanistan, wanapiga naye picha, na muda mfupi baadaye askari wale wanauawa. Utani ule ndio uliotufanya tuwajue. Na bomu linaloanguka karibu na Tony lina jina la kampuni yake mwenyewe. Mzaha na adhabu vimetoka duka moja.

Kuhusu dakika ya 14, Bahati msibani: usimtoe. Mpe kile kile anachofanya siku zote, ila mahali ambapo hakifai tena. Siku zote amempayukia Nyamizi akidhani hasikii. Sasa andika hivi:

BAHATI (anapaza sauti kama kawaida): POLE SANA NYAMIZI!
(Waombolezaji wote wanageuka.)
NYAMIZI: Nasikia, Bahati. Leo nasikia kila kitu.

Kuna mtu mmoja wawili watacheka kwenye mstari wa kwanza. Waache wacheke. Mstari wa pili utawanyamazisha wenyewe. Baada ya hapo kusiwe na utani wowote kutoka kwa mtu aliyemjua Shija mpaka Nyamizi afanye uamuzi wake wa kwanza, yaani mpaka aseme au aonyeshe atamfanya nini Injinia. Kwa urefu wa filamu yako, hizo ni kama dakika mbili na nusu hadi tatu. Utani wa kwanza kurudi uwe mdogo, na ikiwezekana uwe neno la Shija mwenyewe linalosemwa na mtu mwingine.

---

Kapripointi

Naongeza kuhusu Injinia, kwa ufupi. Adui anakosa kutisha kwa sababu anaongea sana na hatujamwona akifanya kazi. Mtu anayeijua kazi yake anaogopesha. Mpe sini moja ya karibu, sekunde 50 hivi, bila neno: amepanda mtumbwi wa mtu, anafunga bomba la mafuta, analichomoa kwenye injini, anafungua parafujo mbili zinazobana injini kwenye ubao wa nyuma, moja, kisha nyingine, bila haraka. Injini ya farasi 15 ina uzito wa kilo 35 hadi 40 hivi, kwa hiyo anapoinyanyua lazima tuone mgongo ukifanya kazi. Asiitupe. Aipokeze kwa adabu kwa mwenzake. Kisha achukue na kasia. Hapo ndipo mtazamaji atakapoelewa kwamba huyu hajaja kuiba tu, kwa sababu injini ina thamani na kasia halina.

Injinia anaweza kucheka. Asichekwe. Kama Bahati ana mzaha wa kumtupia, lazima mzaha huo uwe na gharama ndani ya sini hiyo hiyo. Katika The Dark Knight ya 2008, adui, Joker, anawaambia majambazi kwamba atawaonyesha kiinimacho cha penseli. Ni mzaha, na mtu anakufa ndani ya mzaha huo huo. Na tazama kilivyohaririwa: hakuna damu, hakuna kurudia, ni tendo moja la ghafla kisha mazungumzo yanaendelea. Ukionyesha maiti, inageuka kuwa filamu ya aina nyingine na huwezi tena kurudi kwenye ucheshi.

---

SautiYaUkerewe

Hapo kwenye kivuko naomba tusimame kidogo, kwa sababu naona wote mmepita juu yake.

Watazamaji wako wa kwanza ni watu wa Mwanza, Ukerewe, Ukara, Sengerema, Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikija Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Makaburi ya watu wa MV Bukoba yako Igoma, watu wanapita pale kila siku na daladala. Unapoweka kivuko kinachozama, hujaweka mkasa wa kubuni kama wanavyoangusha majengo kwenye filamu za Marekani. Umeweka kitu ambacho mtu wa kiti cha tatu ana ndugu ndani yake. Halafu juu yake steringi na adui wanarushiana kejeli. Mimi hapo sishangai watu walikosa pa kuweka hisia zao.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi. Shujaa akiokoa kivuko kwenye ziwa hili, filamu inasema kitu kuhusu siku ambazo hakuna aliyetokea kuokoa. Unaweza kulisema hilo, na linaweza kuwa zuri mno. Lakini huwezi kulisema huku unatania.

Kwa hiyo chagua. Njia ya kwanza, ondoa kivuko. Weka mitumbwi mitano ya dagaa isiyo na injini, upepo unaipeleka kwenye mawe, na Nyamizi anapaswa kuisimamisha. Hatari inatosha, inahusiana moja kwa moja na anachofanya Injinia, na ni nafuu kupiga. Njia ya pili, bakiza kivuko kwa masharti: kisiwe na jina wala rangi ya chombo chochote kinachojulikana, usionyeshe kabisa tumbo la chombo likiwa juu ya maji, maana picha hiyo kila mtu hapa anaijua, na tangu maji yanapoingia mpaka mtu wa mwisho anapokanyaga nchi kavu, pasiwe na utani hata wa rangi ya kwanza ya Montaji.

Mimi ningechukua mitumbwi.

---

Montaji_Nyegezi

@SautiYaUkerewe nakubali moja kwa moja, na kwa hesabu za uhariri pia. Kivuko kinahitaji abiria wengi, na kila uso usio na jina unapunguza uzito. Kwenye mitumbwi mitano unaweza kumjua mtu mmoja kila mtumbwi tangu dakika ya 3.

---

DijeiWaKibanda

Wakuu mnaongea vizuri ila mnasahau nani anatazama. Mtazamaji wa huku amekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu mtaani. Filamu nyingi za mashujaa kazijua zikiwa zimetafsiriwa, na msimuliaji anaweka utani wake kila palipo kimya, hata kwenye sini ambayo mwongozaji aliiacha kimya makusudi. Mtu akizoea hivyo, ukimpa dakika tatu bila kicheko anatoa simu. Halafu kuna kanuni ya kibanda: steringi hafi, na ndugu wa steringi akifa basi kisasi kinakuja, watu wanaanza kushangilia. Hicho kicheko alichokisikia mwenye uzi kwenye kifo cha Shija inawezekana ni shangwe ya kisasi. Mimi nasema ucheshi ubaki mwingi, na utani ufuatie kifo mapema.

---

Montaji_Nyegezi

Mkuu Dijei, hoja ya msimuliaji ni ya kweli na nzito, ila naitafsiri tofauti. Msimuliaji anajaza ukimya pale ambapo macho hayana kazi. Ukimya wenye kazi haujazwi. Ndiyo sababu nimesisitiza zile dakika mbili za kuhesabu: mtazamaji ana jambo la kufanya kichwani, hana nafasi ya simu. Kinachochosha ni ukimya wa mtu aliyekaa anatazama ziwa huku kinanda kinalia.

Kuhusu shangwe ya kisasi, uko sahihi kabisa na hapo nimejifunza. Dawa yake: baada ya kifo usikate kwenda kwa Injinia. Ukimwonyesha Injinia, unawapa watu wa kumchukia na wanaanza kushangilia. Kata kwenda kwa Nyamizi, ambaye bado hasikii, anatabasamu kwa sababu ameushika ule mtumbwi wa kwanza na anadhani ameshinda. Shikilia uso wake sekunde 6 kamili. Hakuna wa kushangilia hapo. Injinia asionekane tena mpaka dakika ya 17.

---

Kinasa_Bwiru

Nije kwenye picha na sauti, maana nusu ya shida zako ziko huku.

Kwanza giza. Sini nzito haihitaji picha isiyoonekana. Giza la kwenye filamu ni tofauti ya mwanga kati ya upande mmoja wa uso na mwingine. Kwa sini nyepesi weka upande wa taa ukiwa na mwanga mara mbili ya upande wa kivuli. Kwa sini nzito nenda mara nane. Upande wenye mwanga ubaki umewaka vizuri katika sini zote mbili. Kinachobadilika ni kivuli tu. Ukishusha kila kitu kwa pamoja unapata chenga, na ukiivuta juu kwenye kompyuta chenga zinazidi. Namna ya kufika mara nane bila vifaa: toa kila kitu cheupe upande wa kivuli, kisha tundika kaniki kama mita moja kutoka usoni, nje tu ya fremu. Kaniki inakula mwanga unaorudi kutoka ukutani au mchangani. Kwa sini nyepesi, toa kaniki, weka shuka jeupe mahali pale pale.

Ngozi yetu nyeusi inaonekana kwa mng'ao kuliko kwa wingi wa taa. Usimmulike mtu moja kwa moja na LED ndogo. Igeuze taa impige shuka jeupe lililoko pembeni, mita moja na nusu kutoka kwake, nusu nyuma kidogo ya bega. Mstari wa mng'ao unatokea kwenye shavu na taya, na uso unasomeka hata kwenye simu. Kabla ya kufunga kazi, tazama sini kwenye simu ya kawaida, mwanga wa kioo ukiwa nusu, ndani ya chumba chenye taa. Usipoona macho, hiyo sini haijakamilika.

Pili, saa za kupiga. Mwanza jua linazama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni kutegemea mwezi, na bluu nzuri baada ya hapo hudumu kama dakika 20 tu. Fanya mazoezi yote kabla. Katika dakika hizo piga shoti pana tu, zile zinazohitaji mbingu, mawe na maji. Nyuso za karibu zipige baadaye gizani, kwa taa zako. Weka mizani ya rangi ya kamera (white balance) kwenye Kelvini 4000: taa yako ya 5600 itaonekana bluu ya usiku, na karabai au taa yoyote ya njano itabaki ya joto. Hapo ndipo unapata lugha ya rangi bila kuhangaika kwenye kompyuta: nyumbani na kwenye vichekesho taa ya joto iwe karibu na nyuso, ziwani kwa Injinia bluu itawale.

Usijaribu kurekebisha uzito kwa rangi baada ya kupiga. Justice League ya 2017 ilianzwa na Zack Snyder, ikamaliziwa na Joss Whedon kwa sini mpya zenye utani na picha iliyong'arishwa, na viraka vinaonekana. Toleo la Snyder la 2021, la saa nne, lilirudi na rangi nyingine kabisa. Unaweza usilipende, lakini angalau ni la mkono mmoja.

Tatu, taa za dagaa. Wavuvi wanatoka siku za giza na wanapumzika mbalamwezi ikikaribia kujaa. Ukitaka taa zao nyuma ya shoti yako, angalia kalenda ya mwezi kwanza. Sasa hivi zile taa nyingi ni LED za sola na nyingine zinapepesa, jicho halioni ila kamera inaona mistari. Piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, jaribu sekunde 10, kuza picha utazame. Mistari ikitokea, sogeza shata kidogo kidogo mpaka itulie.

Na hizi taa ndizo zitakazomfanya Injinia atishe kuliko maneno yake yote. Usimwonyeshe akija. Onyesha taa tano majini. Moja inazimika. Sekunde 4. Ya pili inazimika. Kwa taa tano una sekunde 16 hadi 20 za hofu na hujatumia shilingi. Wanaozizima wawe watu wako kwenye mitumbwi yako, wamevaa maboya, na mtumbwi wa pili wenye injini ukae karibu muda wote.

Nne, sauti ya kuziba masikio. Tengeneza moja tu na uitumie ile ile kwenye kicheko na kwenye kifo. Weka kichujio kinachokata sauti zote za juu kuanzia hezi 600 hivi, ongeza mapigo ya moyo kwa mbali sana, na ukate upepo wote. Dakika ya 4 mtu anacheka akisikia Bahati anabwabwaja chini ya maji. Dakika ya 13 sauti hiyo hiyo ikiingia, mwili wa mtazamaji unajua kabla ya kichwa. Ukiweka sauti mpya ya kutisha kwenye kifo, umemtenga mtazamaji na alichofundishwa. Mazungumzo ya kawaida yakae karibu na desibeli -12, ndani ya kuziba yashuke mpaka -24, kisha masikio yanapozibuka yarudi kwa mkato mmoja, yasipande polepole.

Muziki uzime kabla ya tukio, sekunde 3 hadi 5. Ukizima baada ya tukio, watu wanasikia mkono wako.

---

IgombePikcha

Wakuu, shukrani. Kivuko kimeondoka, tunachukua mitumbwi mitano. Maswali mawili yamebaki. Nyamizi anavaa kinyago cha kitenge kinachofunika uso wote isipokuwa macho. Je, kinaua hisia? Na kwenye pambano la mwisho, kejeli zote kati yake na Injinia zife?

---

Kapripointi

Kinyago kinakubalika kwenye kunyanyua mawe na kwenye vichekesho, kwa sababu pale mwili unaongea. Sini nzito uso uwe wazi. Waliotangulia walilijua hili: kwenye treni katika Spider-Man 2 kinyago hakipo na abiria wanaona kumbe ni kijana tu, Iron Man anawekewa kamera ndani ya kofia ya chuma ili tuone uso. Kwako ni rahisi: akiziba masikio anakivuta kitenge chini mpaka shingoni ili asome midomo ya watu. Ana sababu ya kukitoa, na wewe unapata uso kila pale unapouhitaji.

Kejeli: za Injinia bakiza mbili, za Nyamizi futa. Na kumbuka akiwa amenyanyua jabali hasikii hata hizo mbili. Injinia anamtukana, anamtisha, anajaribu hadi kumtaja Shija, na yeye haitiki kwa sababu hajasikia neno. Ukumbi utacheka hapo, mkuu, na itakuwa kicheko cha ushindi, hakipunguzi kitu. Adui amenyang'anywa silaha yake ya mdomo na udhaifu ule ule uliomuua Shija.

---

Montaji_Nyegezi

Hiyo ya Kapripointi ichukue kama ilivyo.

Ukimaliza uhariri, tafuta watu 12 hivi wasioijua skripti, wasiwe marafiki wa waigizaji. Wewe kaa mbele umewageukia wao, usitazame filamu. Andika muda wa kila kicheko na muda wa kila simu inayotoka. Kisha soma hivi. Wakicheka dakika ya 4 na wasicheke kabisa dakika ya 8, pikipiki imekuja mapema. Isogeze sekunde mbili mbele ili Bahati aanze sentensi yake. Wakicheka sauti ya kuziba inapoingia dakika ya 13, ni kawaida, lakini kicheko kife ndani ya sekunde 5; kisipokufa, sini ya dakika ya 8 haijafanya kazi yake, rekebisha huko, usiguse kifo. Simu zikitoka kati ya dakika ya 14 na ya 17, usiongeze utani, punguza sini: kwa kawaida kuna mtu anaeleza kwa maneno jambo ambalo tumeshaliona. Na baada ya kila kicheko unachokitegemea, acha sekunde moja na nusu hadi mbili bila neno muhimu, la sivyo mstari unaofuata hautasikika ukumbini.

Badilisha jambo moja kila mara, kisha onyesha kundi jipya. Aliyeshaona mara moja hawezi tena kukuambia alipocheka.